Kilomita Kumi na Nne kwa Lita

Plateau, Eldoret
Jumatatu, 3 Februari 2025

Wahome mwanangu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, wewe uliyekimbilia joto la Mombasa ukatuachia masweta yako yote. Sisi ni wazima. Baba yako Kabiru bado ana duka lake Langas, na bado anabishana siasa na wateja mpaka wanasahau walichokuja kununua. Kuku wangu wanataga vizuri. Masikio yangu ndiyo yale yale. Kile kinu cha posho tulichokiendesha na marehemu mume wangu Muchiri miaka kumi na saba kilisaga mahindi, kikasaga na masikio yangu. Ndiyo maana nakuandikia. Simu na mimi ni kupigiana kelele tu, na yale maneno ya kwenye kioo kidogo yananichosha macho. Barua naisoma mara tatu, na hainiharakishi.

Yule msichana Faith anaendeleaje? Ulimtaja Krismasi mara moja tu, kisha ukanyamaza kama mtu aliyemwaga chai ugenini.

Sasa jambo lenyewe. Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili nakusanya maziwa kwenye mageti ya huku kwetu, naongeza viazi, napeleka Langas, mjini, na kwenye jikoni za hosteli kule Chepkoilel. Kwenda na kurudi ni kilomita sabini. Mwaka jana pikapu ya zamani ilinikwamisha mlimani siku nzima kwenye mvua, maziwa yote yakachacha. Tangu siku hiyo Kevin wangu wa Nairobi hana wimbo mwingine: Mum, una miaka sitini na moja, uza gari, kaa nyumbani. Nikikaa nyumbani nifanye nini? Nihesabu kuku? Kuendesha gari asubuhi, huku kila geti likinipungia mkono, ndiyo furaha yangu. Nasema wazi.

Bwana Kiprotich wa yadi ya magari pale mjini amenipa pikapu mpya niijaribu hadi mwisho wa Mei. Ni haibridi, ya milango minne, petroli na betri vinasaidiana. Basi mimi na Kevin tumeandikiana, tukatia sahihi, baba yako akiwa shahidi. Gari likienda kilomita kumi na nne kwa lita moja, juma zima, likiwa na mzigo wangu wa kawaida, Kevin atanyamaza na mimi nitaendelea na kazi. Lisipofika, nalirudisha kwa Kiprotich, nauza na lile la zamani, nakaa nyumbani. Nilikubali kwa hasira. Sasa hasira imeisha na mimi naogopa.

Wewe ndiwe fundi wa magari haya katika ukoo mzima. Nifundishe kupima.

Shangazi yako,
Waiyego

*

Changamwe, Mombasa
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwa Tata Waiyego,

Barua imefika pamoja na viazi, na gereji nzima imekula. Mimi niko salama. Joto lipo, mbu wapo, kazi ipo. Mwambie Baba nimeacha ile tabia ya kukunja mikono ya shati lake jeupe, kwa sababu shati lenyewe limeisha.

Tata, kwanza usikiamini kioo cha mbele ya usukani. Kile kinajisifu. Pima hivi: Jumatatu asubuhi jaza tangi mpaka bomba likate lenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone, kisha andika kilomita. Fanya kazi yako mpaka Jumamosi. Rudi kwenye bomba lile lile, kwa mhudumu yule yule, ujaze vile vile. Kilomita ulizokwenda ugawanye kwa lita zilizoingia. Hiyo ndiyo kweli, nyingine zote ni hadithi.

Pili, ujue kitabu cha gari huandikwa gari likiwa tupu, barabara ikiwa nzuri. Ukilipakia, hesabu inabadilika. Na haibridi ina jambo lake: betri na mota vina uzito, kwa hiyo mara nyingi hubeba pungufu kuliko dizeli ya zamani ya ukubwa ule ule. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibao kidogo. Kisome uniambie wanasema libebe kilo ngapi.

Lakini usiogope. Kazi yako ya geti kwa geti ndiyo gari hili linaipenda. Kila ukifunga breki taratibu, linajichajia betri. Ukiondoka, linaondoka kwa betri. Anayeteseka nalo ni yule wa kukimbia barabara kuu mguu ukiwa chini siku nzima. Mimi nakuona ukifika kumi na nne, hata kumi na tano. Nataka sana ufike.

Wako,
Wahome

*

Plateau
Jumatano, 5 Machi 2025

Wahome mwanangu,

Umeandika siku ya wapendanao, ukaandika kurasa mbili za tangi la mafuta. Ya Faith hakuna. Haya.

Huku vumbi ni jingi, tunangoja mvua ya kupandia. Baba yako ameumwa jino, akanyamaza siku mbili, wateja wake wakafurahi. Lile gari la zamani nimeliegesha nyuma ya nyumba, kuku mmoja ametaga kwenye kiti cha dereva. Sijamfukuza.

Kibao kinasema kilo mia saba na themanini. Mzigo wangu nao nimeupima. Mitungi minane ya maziwa ya lita hamsini, pamoja na uzito wa mitungi yenyewe, na magunia matatu ya viazi ya kilo hamsini. Jumla ni kilo mia sita thelathini na tano. Kwa hiyo niko ndani ya sheria, na nafasi imebaki.

Gari lenyewe, mwanangu, ni tamu! Wenzangu wananiambia likiondoka getini halina sauti kabisa. Kwangu mimi hata trekta halina sauti, lakini nawaamini, maana mbuzi wa Jelagat alibaki amesimama katikati ya njia akiniangalia tu, hakujua nimefika. Jelagat ni yule jirani yangu wa geti la bluu, anayeuza mayai mjini.

Sasa habari mbaya. Nilijaza, nikaenda juma zima, nikajaza. Kilomita mia nne na ishirini. Lita thelathini na sita na nukta nane. Nimegawanya mara tano, mara ya mwisho na kikokotoo cha baba yako. Inatoka kumi na moja na nukta nne.

Nimemwambia Kevin bado najifunza. Niambie nakosea wapi.

Shangazi yako,
Waiyego

*

Changamwe
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kwa Tata Waiyego,

Mpe Baba pole ya jino. Mimi mzima. Mvua imetunyeshea siku tatu, gereji imekuwa ziwa, tunatengeneza magari tumevaa gambuti.

Kumi na moja na nukta nne ni ndogo mno kwa mzigo huo. Nimekaa na hesabu zako jioni mbili na hazikubali. Kuna kitu kinakula petroli. Nijibu haya, moja baada ya jingine. Upepo wa magurudumu uliupima lini? Kiyoyozi unakiwasha? Yule mhudumu wa mafuta ni mmoja kila mara? Barabara ya murram mpaka lami ni kilomita ngapi? Unakwenda kasi gani ukifika kwenye lami? Na asubuhi, ndani ya gari kunakuwa na nani?

Usikasirike, fundi huuliza kama daktari.

Wako,
Wahome

*

Plateau
Jumatano, 2 Aprili 2025

Wahome,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tukipanda. Mvua imekuja vizuri. Wote wanakusalimu.

Upepo nimepima, uko sawa. Kiyoyozi cha nini Plateau? Hapa tunawasha jiko. Mhudumu ni mmoja, anaitwa Nicholas, ni mlokole na hawezi kuniibia. Murram ni kilomita sita. Kasi yangu ni ya mwanamke aliyebeba maziwa, na sipendi swali hilo.

Nimepima majuma mengine mawili. Kumi na moja na nukta tatu. Kumi na moja na nukta tano.

Kevin amepiga simu. Sikusikia yote, lakini neno "pumzika" nililisikia. Nikakaa jikoni nikaangalia funguo za gari mezani, nikasikia uchungu.

Nakutumia viazi kwa basi. Jelagat ameongeza chupa ya mursik, yale maziwa yao ya mgando, na kikaratasi chake, anasema umekonda kwenye picha.

Waiyego

*

Changamwe
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kwa Tata Waiyego,

Viazi vimefika. Mursik nayo imefika, lakini joto la Mombasa liliipandisha ikafyatua kifuniko kwa mlinzi wetu, akadhani amepigwa risasi. Kilichobaki nimekinywa chote nikakumbuka nyumbani.

Tata, nilikuuliza maswali sita ukajibu matano. Na la sita limejibiwa na Jelagat bila yeye kujua. Nanukuu kikaratasi chake: "Asante kwa kutufundishia shangazi yako hii gari. Tangu ikuje sijapanda matatu hata siku moja. Sisi tunakuwa wanne kila asubuhi, na mayai, na Tryphosa na mguu yake mbaya, na tunaenda tukiimba."

Wanne, Tata. Na wewe wa tano. Na vikapu.

Nilicheka peke yangu mpaka watu wakaniangalia. Kisha nikaogopa. Zile kilo mia saba na themanini za kwenye kibao si za maziwa na viazi peke yake. Ni za kila kitu kilichoingia garini baada ya kutoka kiwandani: mzigo, wewe, Jelagat, Tryphosa na kitabu chake cha nyimbo. Gari halijui huyu ni jirani na huyu ni gunia. Wewe peke yako ukiwa na mzigo wako, zinabaki kama kilo sitini tu. Ukiingiza wanne, umelizidisha vibaya. Petroli hapo si neno, nawaza breki kwenye ule mteremko wenu, murram ikiwa imelowa.

Nenda kwenye mzani mkubwa, ule wa malori ya mahindi. Nenda na hao wote, kama mnavyokuwa kila siku. Nataka tujue ukweli.

Wako, mwenye kukupenda,
Wahome

*

Plateau
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Wahome mwanangu,

Barua yako niliisoma nikaitupa juu ya kabati. Siku nne sikuigusa. Nilikuwa nimekasirika nawe, na Jelagat, na mursik. Nilikuwa nimeudhika kwa sababu ulisema kweli, na mimi nilijua tangu ile siku ya maswali.

Nikueleze. Mimi nilihesabu mitungi, nikahesabu viazi, wala haikunipitia akilini kuhesabu watu. Mtu hapimwi kama viazi. Hapa kwetu ukiwa na gari ukampita jirani anayetembea, utamwangalia vipi kanisani? Tryphosa ana miaka sabini na mbili, goti limemkataa, na kila Jumanne na Jumamosi anakwenda kliniki mjini. Nimpite? Alinipa mbegu za viazi mwaka niliofika hapa kama mgeni, sijui neno moja la lugha yao, na hakuniuliza nimetoka wapi.

Lakini nilikwenda kwenye mzani. Nenda ukacheke.

Niliwaambia wanawake jambo lenyewe. Jelagat akasema hakuna shida. Tryphosa akasema ana shida, hataki mwanamume ajue kilo zake. Wakakubaliana tupimwe wote pamoja ndani ya gari, asijulikane nani ni nani. Tukafika kwenye maghala ya mahindi. Karani anaitwa Wasike, kijana mpole. Akaona pikapu imejaa wanawake na mitungi, akauliza, "Mama, leo mnauza nini?" Jelagat akamwambia, "Tunauza wewe, kama utaongeza sauti ukisoma hiyo mzani!" Tukapanda. Wanawake wakashika pumzi, eti watakuwa wepesi. Wasike akasoma kimya kimya akaandika kwenye karatasi, akanipa kama anayetoa siri ya serikali. Kisha tukashusha kila kitu, tukapima gari tupu.

Tofauti ni kilo elfu moja na thelathini. Mia mbili na hamsini zaidi ya kibao.

Turudi nyumbani sasa, maana hapo kicheko kiliisha. Nilipiga hesabu ya breki na ule mteremko, nikaona sina la kujitetea. Juma lililofuata nikaenda peke yangu. Niliwaambia sababu, wakanielewa, wakatembea. Kila asubuhi nikawapita. Wanainua mkono, mimi nainua mkono, gari linakwenda. Jumamosi nikajaza petroli kwa Nicholas: kumi na nne na nukta sita. Nimeshinda, Wahome! Nikaegesha pembeni pale kwa Nicholas nikalia mpaka akaniletea maji.

Sikutaka kumdanganya Kevin. Nimemwandikia yote, na watu na mzani. Amejibu kwamba juma la mwisho la Mei atakuja mwenyewe aketi garini Jumatatu hadi Jumamosi, aone kwa macho yake. Masharti mapya ni haya: kila aliye ndani anahesabiwa, kilo zisizidi mia saba na themanini, na kumi na nne ibaki kumi na nne. Wanawake wamesema juma hilo watatembea wote kwa ajili yangu. Wakiona gari wataingia shambani wajifiche, nisije nikapata majaribu.

Sijui nataka nini sasa. Nataka barabara yangu, na nataka watu wangu ndani.

Shangazi yako,
Waiyego

*

Changamwe
Jumanne, 6 Mei 2025

Kwa Tata Waiyego,

Nimeisoma barua yako mara tatu, kama unavyosoma zangu. Samahani kwa ukali.

Kevin ana kilo tisini na mbili, nimemuuliza. Ukimweka na mzigo wako wote, mtazidi. Kwa hiyo juma hilo acha gunia moja la viazi. Hapo mtakuwa kilo mia saba hamsini na tisa, wewe ukiwa themanini na mbili kama ulivyonidokezea mwaka juzi ukanikataza kurudia. Kuna mtu hapa amenikagulia hesabu hizo na amesema ziko sawa.

Mvua ikinyesha, murram italinyonya gari nguvu. Usikanyage mafuta kwa hasira. Acha liende lenyewe, funga breki mapema na taratibu, betri ijae. Nakuombea, Tata. Nataka ushinde na sijui namna ya kukusaidia zaidi ya hapo.

Wako,
Wahome

*

Plateau
Jumatatu, 2 Juni 2025

Wahome mwanangu,

Nani huyo amekukagulia hesabu? Umedhani sitaona? Nimeona.

Kaa chini usome.

Kevin alifika Jumapili na viatu vya ofisi. Jumatatu asubuhi akaingia garini na daftari. Nikaacha gunia moja kama ulivyosema. Juma zima akaandika: geti hili, mitungi hii, kilomita hizi. Siku ya kwanza hakuinua macho kwenye daftari. Ya pili akasema, "Mum, kumbe hawa watu wote wanakujua." Ya tatu, mtoto mmoja akamletea ndizi dirishani, akaila akaweka kalamu sikioni. Mvua ilinyesha siku tatu, murram ikawa uji. Sikuona jirani hata mmoja njiani. Nilijua wako wapi, wamelala shambani na vikapu vyao wakingoja nipite. Nilijikaza.

Ijumaa jioni Kevin akapiga hesabu kwa makadirio, akasema tuko kwenye kumi na nne na kidogo tu. Jumamosi ndiyo itakayoamua.

Jumamosi. Ukungu, matope. Tulipokata kona ile ya kisima, mwanangu, tukawakuta katikati ya njia. Jelagat na Tryphosa. Jelagat na trei za mayai kichwani, Tryphosa na fimbo yake, wanatembea taratibu wakiongea. Hawakutusikia. Walikuwa wameapa kujificha, lakini gari hili halina sauti, na lilikuwa likienda kwa betri! Jelagat akageuka, akapiga ukelele niliousikia hata mimi. Wakakimbilia shambani. Na mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanafika magotini. Jelagat akachutama pale na trei zake zikionekana zote. Tryphosa hakuvuka mtaro. Goti lilikataa. Akaketi kwenye matope, akafunga macho, eti asipotuona nasi hatumwoni.

Nilisimamisha gari. Sikufikiria kumi na nne. Nilifikiria, basi, imeisha, nitakaa nyumbani, lakini huyu simwachi.

Nikamwambia Kevin, "Andika chochote unachotaka. Mimi nawabeba."

Kevin akaangalia nje. Akaangalia daftari. Akaniuliza karibu na sikio, kwa sauti kubwa, "Mum, nikitoka mimi inabaki space ya kilo ngapi?"

Nikamwambia sijui.

Akahesabu. "Mia moja na kumi na tatu," akasema, kisha, "hapana, kuna matope, tuseme mia moja. Hawa wawili ni wembamba. Wataingia."

Na akashuka, Wahome. Kevin wangu, na viatu vile. Akamwinua Tryphosa kutoka mtaroni akamweka kwenye kiti chake mwenyewe, akamfunga mkanda. Akamsaidia Jelagat na mayai. Akafunga mlango. Akagonga bodi mara mbili kama makanga, kumaanisha twende.

Nikamwuliza, "Na wewe?"

Akasema, "Mimi nitatembea mpaka lami. Nenda, Mum. Na usikanyage mafuta, nenda pole pole."

Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akitembea kwenye ukungu, ameshika viatu mkononi. Nilimwona mpaka kona. Tryphosa akaanza wimbo, sikuusikia, lakini niliona midomo, nikajua ni upi, nikaimba nao.

Alitukuta mjini saa tano, matope hadi magotini, amekuja na matatu kutoka lami. Tukaenda wote wanne kwa Nicholas. Bomba likakata. Lita ishirini na tisa na nukta sita. Kevin ndiye aliyegawanya.

Kumi na nne na nukta moja, na kitu kidogo mbele yake.

Akatia sahihi hapo hapo juu ya boneti. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Ile siku nilipokwama mlimani kwenye mvua, alinipigia simu mara arobaini na mimi sikuisikia simu hata mara moja. Alidhani nimekufa. Ndicho alichokuwa akikiogopa muda wote, na mimi nilidhani ananiona mzee. Nikamwambia mtu asiyesikia simu asiende peke yake, kwa hiyo ni heri niwe na watu garini wa kunisikilizia. Akacheka, akafungua ukurasa mpya wa daftari.

Sasa tumepanga zamu. Karatasi imebandikwa kwenye geti la Jelagat, Kevin aliichora kabla ya kurudi Nairobi. Kila asubuhi wawili, na Jumanne na Jumamosi mmoja wao ni Tryphosa. Mimi naacha magunia mawili ya viazi, na baba yako Langas analalamika viazi vimepungua. Alalamike. Gari jipya halirudi kwa Kiprotich, na la zamani tumewaachia kuku.

Nina furaha, Wahome. Nimeamka leo saa kumi na moja kabla ya jogoo, nikacheka peke yangu nikitafuta funguo.

Sasa jibu lile swali langu.

Shangazi yako,
Waiyego

*

Changamwe, Mombasa
Jumanne, 10 Juni 2025

Kwa Tata Waiyego,

Nakusalimu wewe, na Baba, na kuku walio na gari lao. Mimi ni mzima, na leo nina la kusema.

Ulikuwa ukiniuliza ya Faith na mimi nanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Nilimwomba tuoane mwezi wa kwanza, akasema nimpe muda, ananijua mimi lakini hajui ninakotoka. Basi sikutaka kukuandikia habari ambayo huenda ingevunjika. Ndiye aliyekuwa akikagua hesabu zangu. Anafundisha hesabu shule ya upili. Barua zako zote amezisoma, nisamehe.

Ile ya mwisho nilimsomea kwa sauti tukiwa tumekaa nje ya gereji. Alicheka pale pa mahindi ya magotini. Tulipofika pale Kevin alipogonga bodi, akaninyang'anya karatasi akamalizia mwenyewe, machozi yakimtoka. Akaikunja karatasi. Kisha akasema, "Sawa. Nipeleke kwa hao watu."

Tunakuja Agosti, Tata. Jumamosi tarehe mbili. Basi litatushusha asubuhi pale murram inapokutana na lami, na tutasimama kando ya njia kama wengine. Mwombe Tryphosa radhi kwa niaba yetu, ni siku yake ya kliniki, na uandike majina yetu kwenye karatasi ya zamu. Faith ana kilo hamsini na tano, na hakuona haya kuzitaja. Mimi zangu sitaji. Tukizidi hesabu, mchukueni yeye na Tryphosa. Nitashuka mimi.

Wako,
Wahome